Nani alikuwa mfalme wa Mohenjo-daro?

Juma lililopita mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari hapa Mombasa, alikuja nyumbani kwangu na karatasi ya manila kwapani, uso umemkunjamana. Kisa chenyewe kilianza mwezi mmoja kabla ya hapo. Mwalimu wao wa historia alitaka kila mwanafunzi atengeneze chati juu ya ustaarabu wa kale uliochipuka katika bonde la mto. Majina ya mito yakatiwa ndani ya kopo, kila mmoja akaokota lake. Waliookota Nile walishangilia, kwa maana Mafirauni wanajulikana hata na watoto wa chekechea. Yeye aliokota Indus.

"Mjomba, Indus ndiyo wapi?"

Wasikilizaji wapenzi, nakiri kwamba stashahada yangu ya uandishi wa habari haikunifikisha huko. Ilinibidi nisome pamoja naye. Chati ilikuwa na nafasi sita za kujaza: mto, miji, kilimo, maandishi, mtawala, na mwisho wake.

Nafasi tatu za kwanza hazikutusumbua. Mto unashuka kutoka nyanda za Tibet, unapita katikati ya Pakistan na kuingia Bahari ya Arabu. Miji yake ilistawi baina ya miaka 2600 na 1900 kabla ya Kristo: Harappa, Mohenjo-daro, Dholavira ya Gujarat na mingine mingi katika Pakistan na India ya leo. Walilima ngano na shayiri, wakafuma nguo za pamba.

Lakini kilichotukalisha hadi saa nne usiku ni matofali na mitaro. Matofali yao yalitengenezwa kwa kipimo kimoja katika miji iliyokuwa mbalimbali kwa mamia ya kilomita: upana mara mbili ya unene, urefu mara mbili ya upana. Mawe yao ya mizani nayo yalifuata hesabu moja, yale madogo kila jiwe likiwa na uzito maradufu ya lililolitangulia. Nyumba nyingi za Mohenjo-daro zilikuwa na mahali pa kuogea, na maji machafu yalitoka kwa mfereji mdogo hadi mtaro wa barabarani uliojengwa kwa matofali na kufunikwa. Nilipomsomea hayo, mpwa wangu alichungulia dirishani akautazama mtaro wa mtaa wetu. Hakusema neno, na mimi nikafungua ukurasa mwingine.

Tulipofika kwenye maandishi, mambo yakawa magumu. Alama zao zipo, kama 400 hivi, zimechorwa juu ya mihuri midogo ya mawe, lakini mpaka leo hakuna aliyeweza kuzisoma kwa namna ambayo wataalamu wengine wameikubali. Mnamo Januari 2025 serikali ya jimbo la Tamil Nadu huko India ilitangaza zawadi ya dola milioni moja kwa atakayezifumbua.

Basi mtawala atajulikanaje? Mpwa wangu alikuwa amekwisha kupata picha, akaigandisha kwa gundi. Ni ile sanamu ndogo ya mtu mwenye ndevu na joho lenye nakshi begani, kimo chake sentimita 17 na nusu, ambayo watu huiita "mfalme kuhani". Jina hilo alipewa na wanaakiolojia baada ya kufukuliwa katika miaka ya 1920. Hakuna ushahidi kwamba alikuwa mfalme, wala kwamba alikuwa kuhani. Mohenjo-daro haikupatikana kaburi la kifalme, wala jumba ambalo wataalamu wote wanakubali kuwa lilikuwa kasri. Jirani zao wa Mesopotamia walichonga majina ya wafalme wao kila mahali; hawa hatuna jina lao hata moja.

Nikamwambia aibandue. Akaandika: "Hajulikani."

Alipata alama 14 kati ya 20. Kwenye nafasi ya mtawala kulikuwa na wino mwekundu: "Haikukamilika." Mwanafunzi wa mkondo mwingine aliyeibandika picha ileile alipewa alama zote za nafasi hiyo. "Ningeiacha tu, Mjomba," aliniambia, na nilikosa la kumjibu.

Simlaumu sana mwalimu. Ana wanafunzi zaidi ya hamsini na mwongozo wa kusahihishia unaodai jina. Ila mabingwa wakubwa nao wamewahi kujaza nafasi isiyostahili kujazwa. Mwingereza Mortimer Wheeler, baada ya kuchimba huko katika miaka ya 1940, aliitazama mifupa ya watu iliyokuwa imepatikana Mohenjo-daro akahukumu kwamba wavamizi wa Kiarya waliingia wakawaua. Hukumu hiyo ikafundishwa mashuleni. Mnamo 1964 Mmarekani George Dales alionyesha kwamba mifupa ile haikuwa ya siku moja, wala hapakuwa na dalili za vita. Siku hizi wataalamu huzungumzia zaidi kupungua kwa mvua za monsuni na mito kuhama, watu wakatawanyika kidogo kidogo.

Tena kuna jambo ambalo ningependa mwalimu yule alisikie. Harappa ilibomolewa kabla haijajulikana. Alexander Cunningham, aliyekuwa mkuu wa uchunguzi wa mambo ya kale India, aliandika katika karne ya 19 kwamba matofali yaliyochukuliwa huko yalitosha kutandika kama kilomita 160 za reli ya Lahore na Multan. Waliofanya kazi ile hawakujua kwamba wanavunja vitu vya miaka 4,000. Uchimbaji wenyewe ulianza 1921, na dunia ikatangaziwa 1924. Pengine palikuwamo hata jibu la nafasi ile ya mtawala, na likapondwa likawa kokoto.

Ni ndugu wa watu wa bonde hilohilo waliovuka bahari kuja kwetu. Reli ya Uganda ilipoanza hapa Mombasa mwaka 1896, vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, wengi wao kutoka Punjab, jimbo ilipo Harappa. Darasani kwa mpwa wangu wamo vitukuu vyao.

Habari hiyo ya reli ndiyo iliyompoza kidogo. Alikaa chini akaiandika yote nyuma ya manila yake, na sababu za kuandika "Hajulikani", akairudisha shuleni. Jana jioni alinipigia simu. Mwalimu ameisoma, naye atasimama Jumatatu kuwaeleza wenzake wa mikondo yote miwili. Alama bado ni 14.