Ritifaa ya Ng': Vitambulishi vya Usimbaji na Hatima ya Matini za Kiswahili

Husemwa mara nyingi kwamba Kiswahili kilipata bahati katika kompyuta, kwa kuwa tahajia yake ya Kilatini haina alama za juu ya herufi kama zilivyo za Kiyoruba. Msimbo wa ASCII wa mwaka 1963, wenye nafasi 128, ulikitosha, hasa ulipoongezewa herufi ndogo mwaka 1967. Makala hii inadai kuwa kauli hiyo ni kweli nusu. Ushahidi ni ritifaa.

Katika ng', ritifaa si alama ya uakifishaji bali ni sehemu ya herufi: huitenga ng'oa, yaani kutoa kitu kilichoota mizizi, na ngoa, yaani wivu au uchu. Katika ASCII ritifaa ni namba 39 na husimama wima. Programu za kuchapia zilipoanza kuipinda zenyewe ili ipendeze, neno lilitoka nje ya ASCII bila mwandishi kujua. Windows-1252 iliipa ritifaa iliyopinda namba 146. Kompyuta za Macintosh ziliipa 213. Kompyuta haihifadhi herufi, huhifadhi namba, na katika ISO 8859-1 namba 213 ni Õ. Ng'ombe wa mashine moja akawa ngÕombe katika nyingine.

Kilichokosekana ni tamko. Mwaka 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed walipendekeza MIME, utaratibu ambao barua pepe hubeba jina la usimbaji wake, na majina hayo huorodheshwa na IANA. Mpokeaji hahitaji tena kubahatisha, ilimradi jina ni la kweli. Halikuwa la kweli daima: programu nyingi zilituma Windows-1252 zikiiita ISO-8859-1, hata vivinjari vikazoea kusoma jina la pili kana kwamba ni la kwanza. Leo kanuni ya usimbaji ya WHATWG inaagiza hivyo hivyo. Ni uongo uliorasimishwa, nao umeokoa matini nyingi.

UTF-8, iliyobuniwa mwaka huo huo na Ken Thompson na Rob Pike, huandika ritifaa iliyopinda kwa baiti tatu: 226, 128 na 153. Zikisomwa kama Windows-1252, tunapata ng’ombe. Sura hiyo inachukiza, lakini inatibika, kwa sababu baiti zote zipo.

Hasara halisi niliiona katika faili za magazeti ya miaka ya 1990 nilizokabidhiwa kwa ajili ya kongoo. Hazikuwa na kitambulishi chochote. Mtu aliyezitangulia kuzisafisha alifuta kila namba iliyozidi 127, na ritifaa zikaenda nazo. Ngombe na ngambo hurejeshwa kwa programu fupi, kwani hayana mshindani. Ngoa haina dawa ya namna hiyo. Kila mahali inapotokea tunasoma sentensi nzima ili kuamua kama mwandishi alitaja uchu au kung'oa.