Nani Apange Zamu? Eldoret, Linux na Mlango wa Moduli

Mosoriot iko Nandi, kwenye barabara itokayo Eldoret kwenda Kapsabet, safari fupi ya matatu. Februari 2001, kituo cha afya cha hapo kilianza kuweka rekodi za wagonjwa katika kompyuta. Programu yenyewe haikuwa ya kutisha: hifadhidata ya Microsoft Access, pamoja na umeme wa akiba kwa ajili ya siku ambazo stima ingepotea. Katika miezi sita ya kwanza makarani waliingiza ziara 10,000 za wagonjwa 6,190.

Jambo lililobadilika zaidi lilikuwa karatasi. Awali kila idara ilikuwa na rejista yake, na mgonjwa mmoja aliandikwa upya kila alipofika dirisha jingine. Sasa fomu moja ilimfuata tangu anapoingia hadi anapotoka, na karani akainakili kwenye mashine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana walipima muda kabla na baada, wakachapisha matokeo mwaka 2003. Ziara zilikuwa fupi kwa asilimia 22. Muda wa kusubiri ulishuka kwa asilimia 38, ingawa kitakwimu hesabu hiyo haikuwa imara sana. Wafanyakazi nao walipunguza mazungumzo na wagonjwa, wakapunguza hata zaidi mazungumzo yao kwa yao, na muda uliobaki wakaongeza kwenye shughuli zao binafsi. Aliyewahi kukaa kwenye benchi la kliniki ya serikali hahitaji kufafanuliwa hilo.

Mwaka huohuo wa 2001 ndipo mpango wa AMPATH ulipoanza mjini Eldoret, ukiziunganisha Hospitali ya Rufaa ya Moi, Chuo Kikuu cha Moi na vyuo vya Marekani dhidi ya Ukimwi. Mfumo wa Mosoriot ukarefushwa ili utumike kwa wagonjwa wa VVU. Hapo shida zikaanza. Katika Access swali jipya kwenye fomu lilimaanisha safu mpya kwenye jedwali, na jedwali la Access halivuki safu 255. Matibabu ya VVU nayo yalikuwa yakibadilika kila wakati: dawa mpya, kipimo kipya, mwongozo mpya wa wizara. Kila badiliko lilihitaji mtaalamu aufungue mfumo mzima, aukarabati, kisha aombe Mungu usianguke.

Mwaka 2004 madaktari wawili waliobobea katika kompyuta, Paul Biondich na Burke Mamlin wa Taasisi ya Regenstrief kule Indianapolis, walifika Eldoret kuutazama mfumo huo. Burke ni mwana wa Joe Mamlin, daktari aliyeiongoza AMPATH tangu mwanzo. Waliona kwamba kuendelea kuweka viraka ni kupoteza muda, wakaanza kuchora mfumo mwingine. Kazi hiyo ikazaa OpenMRS. Hamish Fraser wa shirika la Partners In Health, aliyekuwa na shida za namna hiyo kwingineko, akajiunga nao, na Ben Wolfe akaandika sehemu kubwa ya msimbo wa mwanzo. Februari 2006 OpenMRS ikawashwa Eldoret, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imefika Rwinkwavu nchini Rwanda.

Uamuzi wao mkubwa ulikuwa kukifanya kiini kiwe kidogo na kisichoguswaguswa. Kiini kinajua mgonjwa ni nani, ziara ni nini, na kila jibu lililoandikwa linahusu dhana gani katika kamusi ya dhana. Kipimo kipya kinaongezwa kama dhana mpya kwenye kamusi, bila kuongeza safu yoyote. Mengine yote, kama vile fomu, ripoti na lebo za maabara, huja kama moduli: faili moja ambayo msimamizi anaipakia kupitia kivinjari, kiini kikaitambua na kuipa nafasi.

Hata kupanga kazi kulifuata utaratibu huo. Mwanzoni fomu zilizochapwa na makarani hazikuingia moja kwa moja kwenye rekodi. Zilipanga foleni, zikageuzwa kuwa ujumbe wa HL7, muundo wa kubadilishana data za afya, kisha kazi ya nyuma ya pazia ikazichukua na kuziandika. Kazi hiyo ilikuwa na jina, saa ya kuanza, muda wa kurudia, na alama ya kueleza iwapo itaanza mara seva inapowashwa. Moduli yoyote iliweza kusajili kazi yake katika orodha hiyohiyo. Masharti ya kiini yalikuwa machache: niambie darasa gani la Java la kuita, na lini. Usiku wa kutengeneza ripoti ukiingiliana na foleni ya fomu, msimamizi anabadili saa kwenye ukurasa mmoja, bila kumwita mwandishi wa programu.

Wakati Eldoret ikifanya hivyo, swali hilohilo, la nani apange zamu na kama mtu wa nje aruhusiwe kuleta moduli yake, lilikuwa likiwagombanisha watu wa mfumo endeshi wa Linux. Kila kompyuta ina programu nyingi zinazotaka prosesa kwa wakati mmoja, na kila programu huwa na thredi kadhaa, yaani mikondo ya kazi inayosubiri kutekelezwa. Kerneli, ambayo ndiyo moyo wa mfumo endeshi, hukaa kama muuguzi wa mapokezi: huamua nani aingie, kwa muda gani, na nani arudi benchi. Naye huamua kwa sehemu ndogo mno ya sekunde.

Aliyewasha moto huo naye alikuwa daktari. Con Kolivas, mtaalamu wa dawa za usingizi kutoka Australia, alichoshwa na kompyuta iliyokwamakwama anaposikiliza muziki huku kazi nzito zikiendelea. Akaandika njia zake za kugawa zamu, pamoja na plugsched, mpango wa kumruhusu mtumiaji achague mgawaji zamu anayemtaka. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alikataa. Ingo Molnar, aliyekuwa akiisimamia sehemu hiyo ya kerneli, naye hakuupenda.

Aprili 2007 Molnar akatangaza kazi yake mwenyewe: kiini cha zamu chenye moduli, pamoja na CFS, mgawaji anayempa nafasi yule aliyetumia prosesa kwa muda mdogo zaidi. Alikiri waziwazi kwamba Kolivas alikuwa ameonyesha ugawaji wa haki unawezekana. Ndani yake kila tabaka la zamu lilitimiza orodha fupi ya kazi: kuingiza thredi kwenye foleni, kuitoa, kuchagua inayofuata. Ila matabaka hayo yalifungwa ndani ya kerneli wakati wa kuijenga, na mtu wa nje hakuweza kuleta lake. CFS iliingia kwenye toleo la 2.6.23 Oktoba mwaka huo. Kufikia wakati huo Kolivas alikuwa ameshaacha kuandika kerneli, ingawa alirudi mwaka 2009 na mgawaji mwingine nje ya Linux rasmi.

Ni rahisi kumwona Torvalds kama mkaidi. Mimi naona alikuwa na hoja. Diski mbili zinaweza kuwa na wapangaji wawili, na Linux iliruhusu hilo mapema, kwa sababu kila diski ni kitu kimoja kilichojitenga. Prosesa hugawanwa na wote, na mgawaji mbovu haharibu programu moja. Anaigandisha mashine nzima. Torvalds alieleza pia kwamba aliichagua kazi ya Molnar badala ya ile ya Kolivas kwa sababu alimwamini Molnar kuwajibu watu wanapolalamika. Moduli mbovu ya OpenMRS inaweza kuizorotesha seva, lakini msimamizi bado ana nafasi ya kuiona na kuiondoa. Eldoret ilikuwa ikipanga kazi za dakika na saa. Anayekosea kwa dakika hupata muda wa kutubu.

Kilichokuja kuufungua mlango wa Linux ni mlinzi mlangoni. Mfumo wa sched_ext, ulioongozwa na Tejun Heo na David Vernet wa kampuni ya Meta, unamruhusu mtu kuandika mgawaji wake kwa BPF, aina ya msimbo ambao kerneli huukagua kabla ya kuutekeleza. Ukizembea, thredi ikabaki benchi muda mrefu kuliko kikomo, kerneli inamfukuza mgawaji wako na kumrudisha wa kawaida, mashine ikiwa bado hai. Peter Zijlstra, msimamizi wa zamu wa siku hizi, alipinga. Torvalds akaamua uingie hata hivyo, na Novemba 2024 ukatoka na Linux 6.12. Wa kwanza kunufaika ni kampuni zenye maelfu ya seva, na watu wanaocheza michezo ya video kwenye Steam Deck.

Huku kwetu Kenya, mlango wa moduli uliofunguliwa Eldoret mwaka 2006 haujafungwa. KenyaEMR, inayotumika katika mamia ya vituo vya afya nchini, ni moduli zilizowekwa juu ya kiini cha OpenMRS, na wizara inapobadili mwongozo wa dawa za VVU, wanaoandika programu hurekebisha moduli, wakakiacha kiini kilivyo.