Kustahimili Si Kukwepa

Watu wa Makadara ni wakulima kuliko wanavyoonekana. Mkazi wa Mbotela au Maringo asiye na hata kipande cha ardhi Nairobi ana shamba ushago, Kitui, Siaya au Murang'a, na mvua ya vuli ikikaribia huingia duka la pembejeo karibu na Barabara ya Jogoo, akanunua pakiti mbili tatu za mbegu na kuzipeleka nyumbani kwa basi. Anachoambiwa kuhusu mbegu hizo, redioni, dukani na katika vipeperushi, hukaribia kuwa neno moja: zinastahimili ukame. Mahindi yanastahimili, maharagwe yanastahimili, mtama unastahimili. Ni neno zuri nami nalipenda. Lakini limebebeshwa kazi ya maneno kadhaa, na anayelipia mzigo huo ni mkulima.

Kustahimili ni kubeba jambo zito bila kuanguka. Ndugu yake ni kuhimili, kama nguzo inavyohimili paa. Mstahimilivu hula mbivu, wanasema wahenga, kwa kuwa alibaki palepale dhiki ilipomkuta mpaka tunda likaiva. Hiyo ndiyo maana ya neno hili: dhiki imefika, nawe hukuondoka.

Sasa tuyatazame mahindi ya Katumani. Aina maarufu zaidi, Katumani Composite B, ilizalishwa miaka ya 1960 katika kituo cha utafiti cha Katumani, Machakos, kwa ajili ya Ukambani, ambako mvua hunyesha misimu miwili kwa mwaka na kila msimu ni mfupi. Nguvu ya mahindi haya haimo katika kustahimili. Yanawahi. Hutoa mbelewele mapema, hujaza punje na kukomaa kwa takriban miezi mitatu hadi minne, ilhali mahindi ya nyanda za juu kama H611, mbegu mahuluti iliyotolewa Kitale mwaka 1964, hukaa shambani nusu mwaka au zaidi. Jua kali linapofika, Katumani yamekwisha kumaliza kazi yake. Huko ni kukwepa. Jua likiyawahi katikati ya msimu, yanaungua kama mahindi mengine.

Tofauti hiyo ina uzito shambani. Mtu aliyeambiwa kwamba mbegu yake inastahimili ukame anaweza kungoja wiki mbili baada ya mvua ya kwanza, akitafuta vibarua au pesa za kulimia, kwa imani kwamba mbegu itavumilia. Akiambiwa inakwepa ukame, neno lenyewe linamwonya: panda mapema. Wakulima wengi wa Ukambani hulijua hilo na hupanda ardhi ikiwa bado kavu. Aliyelelewa Makongeni, anayelima kwa simu na kwa kutuma pesa, hana desturi hiyo ya kumkumbusha. Ana neno la dukani tu.

Yapo mahindi yanayostahili hasa kuitwa stahimilivu, na namna yalivyopatikana inapendeza kuielewa. Hindi huumia zaidi likipatwa na ukame wakati wa kuchanua. Mbelewele hutoka juu na kumwaga chavua, lakini nywele za gunzi, ambazo ndizo hupokea chavua hiyo, huchelewa kwa kukosa maji. Zinapochomoza, chavua imekwisha, na gunzi hubaki na mapengo. Katika kituo cha Kiboko, Makueni, watafiti wa CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, na wenzao wa Kenya walipanda mahindi wakati wa kiangazi, wakayamwagilia, kisha wakayakatia maji kabla tu ya kuchanua. Waliendelea na yale ambayo nywele zake hazikuchelewa sana, na kazi ya namna hiyo ndiyo iliyozaa mbegu za miradi mikubwa ya mahindi ya ukame, ukiwamo ule wa miaka ya 2006 hadi 2015 uliohusisha nchi nyingi za Afrika. Mahindi hayo hukutwa na ukame yakabaki na mavuno fulani. Hapo neno limetua mahali pake.

Mtama una tabia nyingine. Maji yakikosekana huvuta breki, hukunja majani yenye nta na kusimamisha ukuaji, kisha mvua ikirudi huendelea. Mtama husubiri. Mbaazi nayo hupeleka mzizi chini sana, ikanywa maji ambayo mahindi ya jirani hayayafikii. Lugha imetupa vitenzi hivi vyote, vya wazi kabisa, navyo vinatosha kuandikwa kwenye pakiti bila kuunda neno jipya hata moja.

Niliwahi kumsikia mzee mmoja dukani akimuuliza muuzaji, "Kijana, hii inakomaa kwa miezi mingapi?" Akaambiwa tena kwamba inastahimili ukame. Swali lake lilikuwa sahihi kuliko jibu alilopewa.

Siku hizi neno limepanuliwa zaidi: mazao yanayostahimili mabadiliko ya tabianchi. Tabianchi ni istilahi niliyoipokea kwa furaha, kwa sababu inaipa nchi tabia, na tabia ni kitu cha miaka mingi, si cha leo na kesho. Ila mmea haukutani na mabadiliko ya tabianchi. Hukutana na mvua iliyochelewa, na viwavijeshi vamizi walioingia Kenya mwaka 2017, na maji yaliyotuama. Baada ya misimu mitano mfululizo ya mvua haba, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, masika ya 2024 yalileta mafuriko yaliyobomoa na kusomba nyumba za watu Mukuru, kwenye ukingo wa Mto Ngong, upande wetu huu wa Viwandani. Zao lililosifiwa kwa ukame linaweza kuoza katika maji hayo. Zao linalosifiwa kustahimili, itajwe linastahimili nini.

Mboga nazo zina jambo lao, na hapa Eastlands tuna la kuwafundisha wataalamu. Katika soko la Jericho, managu, terere, saga, kunde na mrenda hufungwa mafungu na kuitwa mboga za kienyeji. Kamusi itakupa mnavu, mchicha, mgagani na mlenda, majina ya Pwani. Mama mboga ana majina ya Bonde la Ufa, ya Kati na ya Magharibi, na mteja anaelewa yote. Katika maabara za Gigiri, upande wa pili wa jiji hilihili, kuna muungano wa kisayansi ulioanzishwa mwaka 2011 ili kusoma jenomu za mimea 101 ya chakula ya Afrika, mgagani, wimbi na mbuyu ikiwamo. Kazi hiyo naiheshimu sana. Lakini jina la Kiingereza walilolichagua, likitafsiriwa, huiita mimea hiyo mazao yatima, na wapo wanaoanza kulitumia hivyo kwa Kiswahili.

Tusilipokee. Yatima ni aliyefiwa na wazazi. Mgagani haukufiwa na mtu. Ulinyimwa fedha za utafiti, na kwa miaka mingi uliitwa gugu, huku akina mama wakiendelea kuhifadhi mbegu zake. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia alizitetea mboga hizi kwa utafiti wa miaka mingi, hata akatunukiwa tuzo ya sayansi ya Kwame Nkrumah ya Umoja wa Afrika mwaka 2010. Mwaka 2021 UNESCO nayo ikauorodhesha mpango wa Kenya wa kuhifadhi vyakula vya asili kuwa mfano mwema. Sayansi yenyewe inaziunga mkono mboga hizi: mchicha na mgagani hutengeneza chakula chake kwa njia ileile ya mahindi na mtama, njia inayofaa joto kali na kutumia maji kwa uchache, njia ambayo sukuma wiki na kabichi hazina. Kienyeji ni cha mwenyeji, mwenye mji wake. Hilo ndilo jina la haki, na tayari limo midomoni mwa watu.

Limebaki neno jingine la dukani, endelevu. Punje za Katumani unaweza kuzichagua kwenye magunzi bora na kuzipanda tena msimu ujao. Punje za mahuluti ukizipanda tena, shamba hutoka mchanganyiko na mavuno hushuka, kwa hiyo mkulima hurudi dukani kila msimu. Sina ugomvi na mahuluti. Pale mvua inapotosha hujaza maghala. Ila zote mbili zinapoitwa endelevu, mnunuzi hana njia ya kujua ni ipi itakayoendelea bila pesa yake.

Wanaoandika pakiti na wanaosoma matangazo redioni waseme kila mbegu inafanya nini: inakwepa, inasubiri, inachimba maji au inastahimili, inakomaa kwa siku ngapi, na kama inapandika tena. Nawe msomaji unayenunulia shamba la ushago, usiondoke dukani kabla hujajibiwa hayo.