Mtu wa Tatu Jukwaani

Tarehe 7 Septemba 1972, katika uwanja wa Olimpiki wa Munich, Ujerumani Magharibi, wanaume watatu walipanda jukwaa la washindi wa mbio za mita 400. Wa kwanza alikuwa Vincent Matthews wa Marekani, aliyetumia sekunde 44.66. Wa pili ni Mmarekani mwenzake, Wayne Collett, 44.80. Wa tatu ni Mkenya, Julius Sang, 44.92. Wamarekani wale wawili, wote Weusi, wameandikwa sana. Sang ndiye anayekifanya kisa hiki kiwe chetu pia, kwa hiyo nitakisimulia nikiwa karibu na ngazi aliyosimama yeye.

Kwetu Ole, kisiwani Pemba, hakuna aliyewaona. Televisheni Zanzibar ilikuwa bado haijaanza. Habari za dunia zilikuja kwa redio, na redio haimwonyeshi mtu alivyosimama. Na kisa chenyewe chote kilihusu namna watu wawili walivyosimama.

Bendera zilipoanza kupanda na wimbo wa taifa wa Marekani kupigwa, Collett, akiwa peku, alipanda ngazi ya juu akasimama na Matthews. Hawakukaza mwili wala kuitazama bendera. Waliweka mikono kiunoni, wakageuka huku na huku, wakazungumza kama watu wanaosubiri gari. Wakati wa kutoka Matthews aliizungusha medali yake kidoleni. Uwanja ukalipuka kwa mizomeo na miluzi, na Collett, kabla hajapotea machoni, akainua ngumi juu.

Ghadhabu ya uwanja ilikuwa na sababu zake, na sitaki kuidharau. Siku mbili tu nyuma Waisraeli 11 waliokuja kwenye Michezo hiyo walikuwa wameshambuliwa, na wote wakafa. Jana yake, katika uwanja uleule, ilikuwa imefanyika ibada ya kuwaomboleza. Watu walikuja na msiba moyoni, na mbele yao wakaona vijana wawili, wakadhani wanachezea jambo zito. Tena wengi walikuwa hawajasahau Mexico, tarehe 16 Oktoba 1968, pale Wamarekani Weusi Tommie Smith na John Carlos walipoinamisha vichwa na kuinua ngumi zilizovaa glovu nyeusi wimbo huohuo ukipigwa. Nao walizomewa, na wakafukuzwa katika kikosi chao.

Lakini msiba hautoshi kueleza yaliyofuata. Rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki alikuwa Avery Brundage, Mmarekani aliyekalia kiti hicho tangu 1952. Wiki mbili kabla, nchi za Afrika zilikuwa zimetishia kuondoka Munich ikiwa Rhodesia iliyotawaliwa na Wazungu wachache ingeruhusiwa kushiriki. Wajumbe wa Kamati walipiga kura 36 kwa 31, na Rhodesia ikatolewa. Brundage alishindwa, na kushindwa huko kulimkaa rohoni. Mbele ya watu waliokuja kuwalilia Waisraeli alisema Michezo ile imeshambuliwa mara mbili, akiitaja Rhodesia sambamba na mauaji. Waafrika waliosikia maneno hayo hawakuyasahau. Mtu mwenye hasira hizo ndiye aliyeletewa kesi ya Matthews na Collett.

Haikuchukua muda. Wote wawili walifungiwa kushiriki Olimpiki maisha yao yote. Matthews alieleza kwamba kama wangekusudia kuandamana, wangefanya kwa namna iliyo wazi zaidi. Collett alikuwa mkweli kwa njia nyingine: alisema anaipenda nchi yake, ila haijatimiza iliyoahidi. Naona sentensi hiyo ndiyo iliyostahili kujibiwa, na hakuna aliyeijibu. Mjadala wote ukawa juu ya miguu peku na mikono kiunoni.

Julius Sang hakuwa mgeni wa habari hizi. Yeye na mwenzake Robert Ouko walisoma Durham, katika chuo cha North Carolina Central, chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya Wamarekani Weusi, na kocha wao alikuwa LeRoy Walker. Alikuwa ameishi katika jimbo la Kusini mwa Marekani lenye historia nzito ya ubaguzi. Kati ya Waafrika waliokuwa Munich, wachache walikuwa karibu na maisha ya wale wawili kuliko yeye.

Kisha zikaja mbio za kupokezana vijiti, 4 mara 400, tarehe 10 Septemba. Mexico mwaka 1968, Marekani ilishinda na Kenya ikawa ya pili. Matthews alikimbia upande mmoja, Charles Asati na Nyamau upande wa pili. Safari hii Marekani ilikuwa imewapoteza Matthews na Collett kwa adhabu, na John Smith kwa kuumia msuli katika fainali ya mita 400. Haikupata watu wanne. Wamarekani hawakukimbia.

Asati alianza, akampa Nyamau, Nyamau akampa Ouko, na Ouko akamkabidhi kijiti Sang. Mbele yake Mjerumani Karl Honz alikuwa ametoka kwa kasi isiyobebeka. Nguvu zikamwishia, na Sang akampita. Dakika 2 na sekunde 59.83. Medali ya dhahabu. Wapo wanaosema ushindi ule ulitokana na kukosekana kwa Marekani. Mimi nasema aliyekuwapo ndiye aliyekimbia, na wawili wa kikosi kile walikuwa wameonja fedha miaka minne nyuma. Wimbo wa Kenya, ambao lahani yake ilitokana na wimbo wa kubembeleza watoto wa Wapokomo wa mto Tana, ukapigwa Munich.

Mtu wa Ole ana sababu ya kuyatafakari haya. Mwanariadha wa Pemba akifika Olimpiki husimama kwa wimbo wa Tanzania. Lakini mchezaji wa Zanzibar Heroes, timu ya soka ya Zanzibar, katika Kombe la CECAFA anavaa jezi ya Zanzibar. Mwaka 2017 timu hiyo ilifika fainali Machakos, ikafungwa na Kenya kwa penalti. Mwaka huohuo Zanzibar ilipokelewa katika Shirikisho la Soka Afrika (CAF) mwezi Machi, ikaondolewa Julai. Swali la mchezaji anamsimamia nani, na kwa wimbo upi, halijawahi kuwa la wageni peke yao.

Mwaka 2016 mchezaji wa soka ya Kimarekani, Colin Kaepernick, alipopiga goti wimbo wa taifa ukipigwa huko Marekani, mizomeo ilirudi, na hoja zikawa zilezile za adabu. Kamati ya Olimpiki ilikuja kuiondoa adhabu ya Munich mwaka 2022, miaka 50 baada ya kutolewa. Matthews alikuwa hai. Collett alifariki 2010, na Julius Sang 2004.