Kleruu, Wilbert

Dkt. Wilbert Kleruu (alifariki 25 Desemba 1971) alikuwa Mkuu wa Mkoa wa Iringa, nchini Tanzania. Wakati huo mkoa huo ulijumuisha pia Njombe. Njombe ilipata mkoa wake mwaka 2012.

Msomi wa shahada ya uzamivu, Kleruu alijulikana kwa kusimamia siasa ya vijiji vya ujamaa bila kulegeza kamba. Upinzani mkali ulikuwa Isimani, kaskazini mwa mji wa Iringa, ambako wakulima wakubwa wa mahindi walikuwa wamejipatia mashamba mapana. Siku ya Krismasi alikwenda huko, akazozana na mkulima Saidi Mwamwindi shambani mwake, akapigwa risasi. Mwamwindi mwenyewe aliupakia mwili katika gari la marehemu na kuupeleka polisi Iringa. Mwaka 1972 alihukumiwa kifo, na baadaye akanyongwa.

Serikali ilimuenzi Kleruu kama shujaa wa ujamaa, ingawa kwa baadhi ya wakulima Mwamwindi ndiye aliyetetea ardhi. Chuo cha Ualimu Kleruu, mjini Iringa, kina jina lake.