Yai Lililoganda Bila Moto

Hebu jiulize: ukitaka yai ligande bila kuwasha jiko, utafanyaje? Mwaka 1914 mwanafizikia Percy Bridgman wa Harvard, Marekani, alichapisha jibu. Alitia ute wa yai kwenye chombo cha chuma, akaukandamiza kwa mgandamizo wa mara 5,000 hadi 7,000 ya ule wa hewa inayotuzunguka. Ulipotolewa, ulikuwa umeganda, unafanana na ute wa yai la kuchemsha.

Nilipoanza uzamili nilisoma habari hii nikadhani nimeielewa. Kitu ukikibana, si kinashikamana? Kumbe nilikuwa nimekosea, na ilichukua sayansi nusu karne kueleza ni kwa nini.

Aliyesaidia sana ni mdudu asiyeonekana kwa macho: kirusi cha batobato la tumbaku. Ni kama kijiti chenye urefu wa nanomita 300. Kina protini 2,130 zinazofanana, zimejipanga kuzunguka uzi wa RNA kama vidato vya ngazi ya mnara. Umbo hilo la kuzunguka ndilo tunaloliita heliksi. Mwaka 1955 Heinz Fraenkel-Conrat na Robley Williams walionyesha jambo la ajabu: tenganisha protini na RNA, kisha zichanganye tena kwenye maji, na kirusi kinajijenga chenyewe upya, kinaambukiza tena. Hakuna fundi.

Sasa, ukiikandamiza heliksi kama hii inakuwaje? Tayari mwaka 1941 Max Lauffer na Robert Dow walikuwa wameripoti kwamba mgandamizo mkubwa unakiharibu kirusi hicho. Baadaye Lauffer alizichunguza protini zake peke yake, bila RNA, akakuta kituko kingine: ukizipasha joto zinaungana, ukizipoza zinaachana. Kwa kawaida tunajua joto hutawanya vitu. Hapa linajenga!

Jibu lilikuwa kwenye maji. Protini ikiwa peke yake, molekuli za maji zinaizunguka na kuishikilia. Protini mbili zikiungana, maji yaliyokuwa katikati yanaachiwa huru. Protini zinapata mpangilio, lakini maji yanapata uhuru mkubwa zaidi, na huo uhuru ndio unaolipia gharama ya ujenzi.

Hapo ndipo mgandamizo unapoingia. Maji yaliyobanwa kwenye chaji za protini huchukua nafasi ndogo kuliko maji huru. Tena protini zikiungana hazikai sawasawa kabisa, vipengo vinabaki. Kwa hiyo heliksi iliyojengwa, pamoja na maji yake, ina ujazo mkubwa kidogo kuliko vipande vilivyotawanyika. Kanuni ya Mfaransa Henry Le Chatelier, ya mwaka 1884, inasema mfumo ukikandamizwa huelekea upande wenye ujazo mdogo. Yaani heliksi inavunjika. Fikiria ndoo ya kokoto: mapengo yapo mpaka umimine mchanga. Chini ya presha, maji ndiyo mchanga. Hata kwenye yai la Bridgman, maji hupenya kwanza na kuzikunjua protini, kisha hizo zilizokunjuka ndizo zinazonasana.

Si kila heliksi iko hivyo. Ile ya DNA huvumilia mgandamizo vizuri, na mara nyingi huimarika kidogo.

Lakini nyingine ni dhaifu kuliko unavyodhani. Mwaka 1975 Edward Salmon alikandamiza mayai ya mnyoo wa baharini yakiwa katika kugawanyika. Kwa mgandamizo wa mara mia chache tu ya ule wa hewa, nyuzi zinazovuta kromosomu ziliyeyuka. Alipouachia, zilijijenga tena.

Mara mia chache si jambo la maabara peke yake. Baharini, kila mita 10 unazoshuka huongeza mgandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu yetu. Kwenye kina cha mita 4,000 ni mara 400. Samaki wa huko wanaishije, wakati misuli yao inategemea aktini, protini nyingine inayojijenga kuwa heliksi? Katika miaka ya 1980 Robert Swezey na George Somero walipima aktini za samaki wa vina mbalimbali. Za wale wa kina kirefu zilibadilika ujazo kidogo zaidi zinapoungana, kwa hiyo mgandamizo hauna pa kuzishikia.

Basi, tulidhani swali ni nguvu ya kubana. Kumbe swali lilikuwa: maji yatakaa wapi?