Mpaka wa neno na ritifaa ya Chang'ombe

Mpaka wa neno ni mahali ambapo programu ya kuandikia huamua kwamba neno limeanza au limekwisha. Ukibofya neno mara mbili likachaguliwa, ukirusha kishale neno kwa neno, au ukihesabu maneno ya barua, mpaka huo ndio unaofanya kazi. Wapo wanaosema kikomo cha neno. Mpaka unafaa zaidi, kwa kuwa kikomo ni mwisho tu, ilhali neno lina mpaka mbele na nyuma.

Kwa Kiswahili, mtihani wenyewe uko kwenye ritifaa, yaani alama ya ('). Chukua mchapaji wa steshenari ya Kunduchi Mtongani anayebadilisha anwani ya mteja aliyehama Chang'ombe, Temeke. Anabofya jina mara mbili, anaandika Kunduchi. Katika programu moja jina zima linabadilika. Katika nyingine kilichochaguliwa ni "ombe" peke yake, na barua inatoka na anwani ya "Chang'Kunduchi".

Programu hii ya pili hukata maneno kwa orodha ya alama. Mfano ni programu ya VS Code: orodha yake, kabla hujaigusa, ina ritifaa iliyonyooka pamoja na mkato, nukta na mabano. Vim nayo kwa kawaida haiihesabu ritifaa kuwa sehemu ya neno. Zote zililenga hasa waandishi wa programu, na katika lugha nyingi za kompyuta alama hiyo hufungua na kufunga nukuu.

Unicode, kiwango cha kimataifa cha herufi za kompyuta, ina njia nyingine katika kiambatisho chake namba 29: hutazama majirani. Ritifaa iliyo kati ya herufi mbili haikati neno. Iliyopakana na nafasi hukata. Kanuni hiyo inatutosha, maana ng' yetu haimalizi neno kamwe; lazima ifuatwe na herufi. Ng'ambo, kung'oa na nyang'anya yote hubaki mazima. Hata ukiandika 'Chang'ombe' ndani ya nukuu moja, alama za pembeni hubaki nje na ya katikati hubaki ndani.

Kuna tatizo jingine: msimbo, yaani namba ambayo Unicode huipa kila alama. Ritifaa iliyonyooka ni 0027. Iliyopinda, ambayo Word huiweka yenyewe, ni 2019. Ipo pia 02BC, ambayo Unicode imeiingiza katika kundi la herufi. Machoni zinakaribiana, kwa kompyuta ni alama tatu tofauti. VS Code hukata neno kwenye 0027 na kuliacha zima kwenye 2019, kwa sababu hiyo haimo katika orodha yake. Na zipo programu ambazo ukitafuta ng'ombe kwa ritifaa moja, aliyeandikwa kwa nyingine haonekani.

Ritifaa ya ng' ni sehemu ya tahajia yetu. Ukiiondoa, ng'oa inageuka ngoa, yaani wivu. Wachapaji, chagueni ritifaa moja na kuitumia waraka mzima. Wanaoandika Kiswahili kwenye VS Code, ondoeni ritifaa katika orodha ya vitenganishi vya maneno. Nanyi mnaotengeneza programu, fuateni kanuni ya majirani, na kabla hamjaitoa programu, ijaribuni kwa jina la Chang'ombe.